Upande wa Kidoti

4 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, na nyumbani wote wazima. Baba anakusalimu, goti lake limetulia isipokuwa akitumwa dukani. Mama amepaka ukuta wa sebule rangi mpya na hataki mtu auegemee, kwa hiyo tunakaa wima kama tumeitwa ofisini kwa mkuu wa shule. Ni wewe uliyenifundisha tangu niko bwenini kwamba simu ni ya kusalimiana na mambo ya maana yaandikwe, basi naandika.

Leo nimetimiza wiki tatu katika chumba chako cha dharura. Nasema chako kwa sababu wewe umekiacha, chenyewe hakijakuacha. Kila ninachoshika kina kidoti chako chekundu cha rangi ya kucha: makasi, vipima joto, kiti cha daktari wa zamu, mpaka ufagio. Wauguzi wanasema ulitia alama ili wodi nyingine zisituibie. Picha yako iko ukutani karibu na sinki, umeshika cheti chako cha uuguzi wa miaka thelathini na moja. Mkuu wa idara, yule mliyekuwa mkimwita Bwana Taratibu, akinikuta nimekaa bure anainyooshea kidole picha yako.

Nataka hasa kukusimulia habari za altrasaundi. Chuoni mashine ilikuwa na chumba chake na foleni yake. Hapa tunaisukuma mpaka ubavuni mwa kitanda. Juzi mchana aliletwa mwanamke kijana amezirai, nikampitishia pasi tumboni (kile kichwa cha mashine cha kupitisha mwilini bado tunakiita pasi, jina ulilokipa halijafa), nikaona weusi wa damu umejaa mahali pasipotakiwa kuwa na kitu. Dakika kumi baadaye alikuwa chumba cha upasuaji. Yuko hai. Nilikwenda chooni nikalia kwa furaha, kisha nikanawa uso nikarudi.

Ile pasi ndogo tu, ya kuongozea sindano, ndiyo bado inanichezea shere. Nikisogeza sindano kushoto, kwenye kioo cha mashine inakwenda kulia. Nadhani mkono haujazoea. Nikimaliza miezi sita ya majaribio bila doa nitaajiriwa moja kwa moja. Niombee.

Mwana wa kaka yako


22 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mpaka jirani akaniuliza nimepata nini. Huku kwangu ni salama. Kuku wanataga wanapojisikia, bomba la maji linatoa sauti zaidi ya maji, na kustaafu nimekuona ni kazi ngumu: unaamka mapema na hakuna anayekusubiri. Mwambie kaka yangu goti lisiwe kisingizio, namfahamu tangu ana miaka minne.

Kuhusu pasi ndogo, usijisumbue. Wewe ni wa mkono wa kushoto tangu uliposhika kijiko, kushoto na kulia kwako vimekuwa mambo ya kujadiliana. Ulivaa viatu kinyume mpaka darasa la tatu. Fuata kidoti tu: penye kidoti ndiyo kushoto mwa kioo, basi. Alama ya kiwandani kwenye pasi ile ilikuwa imefutika, nikakipaka mwenyewe wiki yangu ya mwisho kazini, kiwe zawadi yangu kwa atakayekuja. Sikujua kama atakuwa wewe.

Mawili mengine. Jeli ipashe joto kiganjani kabla ya kumpaka mtu, mgonjwa akishtuka na misuli nayo inashtuka. Na usikodolee kioo muda wote. Mwangalie mgonjwa usoni, kioo hakiumwi.

Shangazi yako


13 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani wazima. Ukuta umekauka.

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia pabaya. Nimemtoboa mtu pafu.

Alhamisi saa nne asubuhi aliletwa mama mmoja fundi cherehani, amekohoa wiki tatu, ameketi lakini anahema kama aliyepanda ghorofa. Kifua chake upande wa kulia kilikuwa na maji machafu, yamejikusanya sehemu moja ndogo kati ya mbavu, na ilibidi yatolewe palepale. Nilipasha jeli. Nilimwangalia usoni. Alinitania kwamba mkono wangu wa kushoto ungefaa kutia vifungo. Nikalaza pasi ndogo kati ya mbavu mbili. Kwenye kioo nikaona vizuri kabisa: kushoto maji, kulia pafu linakwenda na kurudi kila anapovuta pumzi. Nikachoma penye maji.

Hayakutoka maji, ilitoka hewa. Nikavuta tena, hewa. Alinishika mkono akanitazama kama anayetaka kuniuliza kitu, midomo ikaanza kubadilika rangi. Wakubwa walifika, tukamwekea mrija kifuani, akapelekwa kwa wagonjwa mahututi. Anapumuliwa na mashine na leo ni siku ya sita.

Nimezuiwa kushika sindano hadi kikao cha idara kitakaponihoji. Kikiamua vibaya, miezi sita yangu imeishia hapa, na sijui nani atanipa mingine. Kila nikifumba macho nakiona kile kioo. Maji kushoto, pafu kulia. Niambie nilikosea wapi, wewe umesimama kwenye chumba kile miaka yote hiyo. Mimi sioni.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako imefika.

Huku mvua zimeanza na paa la jikoni linavuja mahali palepale pa mwaka jana, kwa hiyo angalau nalijua. Kuku mmoja ameatamia mayai ambayo si yake na hataki kuondoka. Jirani yangu mwalimu mstaafu anakusalimu, ingawa hakujui. Baba yako alinipigia simu, tukazungumza habari za goti.

Nakuombea. Namwombea na huyo mama.

Nina swali moja. Sindano uliiingiza upande wa kidoti, au upande ule mwingine? Nijibu hilo tu, usiniongezee.

Shangazi yako


12 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima.

Upande wa kidoti. Ningechoma wapi pengine? Wewe mwenyewe uliniandikia penye kidoti ndiyo kushoto mwa kioo.

Umesema nisiongeze, lakini lazima nikupe habari njema: mama fundi ametolewa kwenye mashine siku ya tisa, na sasa yuko wodi ya kawaida. Neno lake la kwanza aliuliza iko wapi miwani yake, la pili kama kuna mtu amewarudishia wateja vitambaa vyao. Nilisimama mlangoni nikasikia sauti yake imekwaruza. Sikuingia. Sijapata uso wa kuingia.

Kikao ni tarehe 6 Mei. Bwana Taratibu amenikumbusha mara mbili kwenye korido kwamba mashine haikosei, mkono ndio unaokosea.

Barua yako imenishangaza. Nilisubiri karibu mwezi nikapata kuku. Na mwandiko, Shangazi. Wewe uliyenichapa kwa rula nikitoka nje ya mstari, safari hii mistari yako inapanda mlima, na mtaa umeuandika juu ya stempu. Ulikuwa unaumwa? Macho yana shida?

Mwanao


21 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Leo sina habari za kuku.

Macho yana shida. Ni mtoto wa jicho, yote mawili, na si ya jana. Mwaka wangu wote wa mwisho kazini niliona kama mtu anayechungulia kwenye dirisha lenye mvuke. Kila baada ya miezi sita tulipimwa afya, na ubao ule wa herufi wa kupimia macho niliujua kwa moyo, maana nimewapimia watu miaka thelathini. Nikisimama nausoma mstari wa mwisho bila kukwama. Daktari ananiuliza, "Sista, kuna shida yoyote?" Najibu, "Hakuna." Wangejua wangenihamishia kwenye chumba cha mafaili, nipange karatasi ambazo siwezi kuzisoma. Nilitaka kuondokea mlango niliouingilia.

Wiki ya mwisho nilitafuta mfuo, ile alama ya kiwandani, kwenye pasi ndogo kwa ukucha, nikahisi kitu, nikapaka rangi. Sasa naamini nilichohisi ulikuwa ufa. Pasi ile iliwahi kuanguka. Mtu yeyote akipaka alama anatakiwa kugusa ukingo kwa kidole na kuangalia upande upi wa kioo unacheza. Kioo nisingekiona, kwa hiyo sikugusa.

Ulipoandika Februari kwamba sindano inakwenda kinyume, ulikuwa umeniambia. Nikakucheka mkono. Barua yako ya Machi niliisoma kwa lenzi siku mbili, na nilipofika kwenye maji kushoto nilijua. Ndiyo maana nikakuandikia habari za kuku. Niliogopa.

Leo nimemwandikia pia Bwana Taratibu, barua mbili nimezitia kwenye sanduku la posta kwa pamoja. Nimemwambia yote, na nimemwomba atafute kila mtu aliyechomwa sindano kwa pasi ile tangu wiki yangu ya mwisho. Huenda kuna mwingine anayeumwa kwake na hajui kwa nini. Wewe ukiulizwa, sema kila kitu. Usinionee huruma.

Simu nimeizima. Nikisikia sauti yako nitaanza kujitetea.

Shangazi yako


27 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na simu haipatikani. Baba anasema alikupata mara moja kwa jirani, ukamwambia wewe mzima ukakata. Mtu wa mapokezi hospitalini nimemuuliza mara mbili kama kuna bahasha yangu. Hana. Sasa niandikie nyumbani, maana wiki iliyopita nimeambiwa nikae huku mpaka kikao.

Siku ya kuchukua vitu vyangu nilimkuta fundi mitambo peke yake na mashine. Nikamwomba aiwashe. Nikaitia jeli pasi ndogo, nikagusa ukingo wenye kidoti kwa ncha ya kidole. Kwenye kioo kulia kukacheza. Nikagusa tena, kulia tena. Nikageuza nikapapasa upande wa pili kwa ukucha, chini ya uchafu nikaukuta mfuo wa kiwandani, mdogo kama punje ya mchele.

Sasa najua kwa nini uliuliza swali lile.

Mfukoni nilikuwa na pamba na dawa ya kufutia rangi ya kucha, sitakudanganya. Kidoti sikukifuta. Nilimwambia fundi pasi ina ufa, aifungie kabatini isiguswe na mtu, akafanya hivyo. Kwenye kikao nitasema kweli moja tu: kwamba sikugusa ukingo kabla ya kuchoma. Hiyo ni kweli, kila mwanafunzi anafundishwa, nami sikufanya kwa sababu kidoti kilikuwa chako. Cha mwingine ningekipima. Lakini kidoti chenyewe sitakitaja. Umetumikia miaka thelathini na moja, na picha iko ukutani. Haitashushwa kwa mdomo wangu.

Nina swali lilelile tu, hukunijibu. Macho, Shangazi.

Mwanao


7 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Salamu nyingine zitasubiri.

Walikuwa watano mezani. Bwana Taratibu alinihoji saa nzima kwa sauti ya mtu anayesoma orodha. Nilijibu vizuri. Nilikiri kwamba sikugusa ukingo, mmoja akaandika, nikaona nyuso zimelegea kidogo. Kisha Bwana Taratibu akavua miwani.

"Kuna jambo lolote kuhusu kifaa ambalo kikao kinapaswa kulijua?"

"Hakuna."

"Fikiri vizuri, Daktari. Hatuna haraka."

Nilifikiri. Nilikufikiria wewe pale karibu na sinki na cheti chako. Nikasema, "Hakuna."

Akafungua faili akasukuma karatasi mbili mbele yangu. Sikuhitaji kuzisoma. Niliona mistari inapanda mlima.

Sijui kama umewahi kukaa kwenye kiti ukatamani kiwe shimo. Alisema bila hasira, na hilo ndilo lililoniuma. "Sindano ilikwenda siko kwa sababu ya kidoti na kwa sababu ya haraka. Mambo hayo tunayarekebisha. Lakini Sista aliyeandika barua hii ameomba wagonjwa wengine watafutwe, na wewe ulikuwa tayari wasijulikane."

Sikuwa nimewafikiria, Shangazi. Naapa sikuwa nimewafikiria hata mmoja. Nilikuwa naangalia picha tu.

Kwa sindano nimepewa onyo. Kwa lile neno nimesimamishwa miezi mitatu, na nikirudi miezi sita ya majaribio inaanza upya, na neno lenyewe limeandikwa kwenye faili langu. Wengine walitafutwa kwa simu jana hiyohiyo mpaka usiku. Waliochomwa kwa pasi ndogo ni kumi na tisa, na wote wako salama, isipokuwa mzee mmoja aliyechomwa mara nne bila kupata kitu akaambiwa mishipa yake ni mikaidi.

Nilipotoka, mtu wa mapokezi akanikimbilia na bahasha yako. Ilikuwa imefika asubuhi ileile, pamoja na yao.

Nimekasirika. Nimekukasirikia kwa ubao wa herufi, na kwa kucheka mkono wangu, na zaidi kwa kuzima simu. Ungepokea mara moja tu nisingesema nililosema. Nimejikasirikia pia, ila hilo utalidhani mwenyewe. Usinijibu haraka.

Mtoto wa kaka yako


30 Juni

Mwanangu,

Marahaba, ingawa ile ya Mei uliiandika kwa meno. Sikujibu haraka, kama ulivyotaka.

Nimepasuliwa jicho la kulia. Baba yako ndiye aliyenipeleka, akalalamikia goti njia nzima, na aliponiona nimefungwa kitambaa akanyamaza kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Walipokifungua, kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba kaka yangu amezeeka. Cha pili ni ubao wa herufi. Nilikataa kuusoma. Nikamwambia daktari aniletee ubao mwingine nisioujua.

Niliporudi nilizitoa barua zako zote nikazisoma bila lenzi. Mwandiko wako mzuri. Ile ya Machi ina mahali wino umelowa, sikuwa nimepaona.

Hasira yako ni ya haki, siipunguzi hata kidogo. Lakini neno lile lisikutese peke yako. Umeliokota kwangu. Miaka yote kwenye familia hii mtu akiniuliza una shida, umechoka, unaumwa, najibu hakuna, na nyinyi mlinisifu kuwa shupavu. Nimemwandikia Bwana Taratibu aishushe picha. Amenijibu kwa mstari mmoja kwamba picha ni mali ya idara na kuna taratibu. Nilicheka, nikalia.

Kabla ya kupanda gari la kurudi nilikwenda kwa mama fundi. Anakaa nyuma ya duka la vioo, cherehani yake iko dirishani. Nikamwambia mimi ndiye niliyepaka kidoti. Aliendelea kushona mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi. Hakuniambia amenisamehe. Alisema, "Na yule wa mkono wa kushoto, mbona hajaja?"

Ujibu wewe.

Shangazi yako


19 Agosti

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Sote wazima, Mama anataka kupaka jikoni. Jicho la pili lini? Tarehe ukishapewa nitakupeleka mimi, Baba apumzishe goti na sisi tupumzishwe naye.

Kwa mama fundi nilikwenda mara tatu. Mara mbili nilifika kwenye duka la vioo, nikajiona kwenye vioo vyote vile, nikageuka. Ya tatu niliingia. Nilimwambia kila kitu, na lile neno nililosema kwenye kikao pia. Alinisikiliza, akanipa kitambaa nimshikie pindo. Nilishika pindo saa nzima. Wakati wa kuondoka akasema ana miadi ya kupimwa kifua mwezi wa nane, na kama mimi nitakuwa nimerudi, atanitaka mimi.

Jumatatu nimerudi kazini. Jana amekuja.

Pasi ndogo ni mpya, mfuo wake unauona ukiwa mlangoni. Bwana Taratibu alisimama nyuma yangu amekunja mikono. Nikapasha jeli kiganjani. Kabla ya kumgusa, nikagusa ukingo wa pasi kwa kidole, nikatazama kioo.

"Hapo unafanya nini?" mama fundi akaniuliza.

"Nahakikisha kushoto ni kushoto."

"Siku ile ulifanya?"

"Sikufanya."

Akainuka kwa kiwiko mpaka akaketi, akavaa miwani yake.

"Geuza kioo huku," alisema. "Gusa tena, nami nione."

Nikageuza kioo upande wake, nikagusa tena.

Mwanao